Sentensi Yote Naiona Sawa: Kusahihisha Sarufi katika Karatasi ya Pili ya KCSE

Swali: Mwalimu, salamu nyingi. Ninaishi Kondele, Kisumu, na ninarudia KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana namsaidia mama kuuza mitumba Kibuye, usiku nasoma. Ngeli, yale makundi ya nomino, nimezikariri zote. Shida yangu ni Karatasi ya Pili ya Kiswahili. Nikiambiwa "sahihisha", nasoma sentensi mara tatu na sioni kosa. Juzi kwenye zoezi nilipewa hii: "Hii gari enye ilianguka Ahero ilikuwa imebeba watu kumi na mbili ambao wanaoenda Kisumu." Nilibadilisha "hii" nikaandika "hiyo", mengine nikayaacha. Nikapata sufuri. Nakosea wapi? Na je, nianze na matumizi ya lugha kabla ya ufahamu?

Jibu: Mwanangu, salamu zimefika. Sentensi hiyo ina makosa ya aina nne, na yote manne ni ya kawaida mno hapa kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia. Hukuyaona kwa sababu unaisoma sentensi kwa sikio, na sikio lako limelelewa na Kiswahili cha stendi na sokoni. Kiswahili hicho sikidharau. Kinauza nguo, kinasuluhisha ugomvi, kinachumbia watu. Lakini mtihani unapima Kiswahili sanifu, kile ambacho msingi wake ni lahaja ya Kiunguja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Viwili hivi vinafanana sana, ndiyo maana sikio linavipitisha vyote bila kuuliza.

Tena kila nyumba ina mchango wake. Anayetoka kwenye Dholuo ametoka kwenye lugha isiyo na ngeli. Atasema ot maber, buk maber, dhano maber, na hilo maber halijali kama linasifu nyumba, kitabu au mtu. Mtu huyo akiandika "kitabu nzuri" hahisi chochote kimekwenda mrama. Anayetoka kwenye Kiluhya ana ngeli tele nyumbani, na wengi hudhani kwa hiyo yuko salama. Sivyo. Ndiye anayetuletea "huendanga" na "anakujanga", maana ile -anga ya mazoea ameibeba kutoka nyumbani akaipachika kwenye kitenzi ambacho tayari kina hu-. Mtihanini ni "huenda" na "huja", basi. Na "katoto kanalia" ina ka- ya udogo iliyomo katika lugha kadhaa za Kibantu za bara, Kikuyu ikiwa mojawapo. Kiswahili sanifu kinataka "kitoto kinalia" au "kijitoto kinalia".

Sasa tuivunje sentensi yako. Fanya kama unavyofanya belo likifunguliwa: hulitazami lote kwa jicho moja ukasema ni zuri, unainua nguo moja moja, unaangalia kola, kwapa na zipu.

Anza na nomino. Nomino ya kwanza ni "gari". Ni ya ngeli gani? Umeniambia umezikariri ngeli zote, na ninakuamini, lakini mtihani hautakuomba uzitaje kwa mpangilio kama shairi. Utakupa neno moja katikati ya sentensi na kutaka ujue linavyotawala maneno mengine. Njia ninayoipendekeza ni kupitia wingi. Hata makanga wa Kondele anayesema "gari imejaa" bado husema "magari". Wingi tunaupata sawa mara nyingi kuliko upatanisho. Basi: gari, magari, hiyo ni LI-YA, kwani husemwa gari limejaa, magari yamejaa. Kiti, viti, ni KI-VI. Mti, miti, ni U-I. Ukuta, kuta, ni U-ZI. Nguo, nguo, haikubadilika na si kiumbe, basi ni I-ZI. Kuna maneno yatakayokuchezea. "Ugonjwa" huenda "magonjwa", nayo ni U-YA: ugonjwa huu, magonjwa haya. Watu na wanyama hubaki A-WA hata maumbo yao yakikudanganya: kiongozi amefika, madaktari wamegoma, mitume walihubiri, kiboko amezama. (Kiboko cha kuchapia, hicho kimevunjika. Watungaji wa mitihani wanayapenda sana maneno ya namna hii.) Samaki naye ni A-WA hata akiwa tayari amekaangwa Dunga na ndimu juu yake: samaki huyu ni mtamu.

Ukishajua gari ni LI-YA, shika kalamu upigie mstari kila neno linaloitegemea gari. Katika sentensi yako ni "hii", "enye ilianguka", "ilikuwa" na "imebeba". Yote lazima yabebe alama ya LI: hili, lililoanguka, lilikuwa, limebeba. Ulipobadilisha "hii" kuwa "hiyo" ulihama kutoka kiashiria kimoja cha I-ZI kwenda kingine cha I-ZI. Gari lilibaki bila chake. Na huko kuweka kiashiria mbele ya nomino, "hili gari", si kosa kubwa kama watu wanavyodhani. Kiswahili kinaruhusu kwa msisitizo. Ila mimi ningekirudisha nyuma, "gari hili", nisimpe msahihishaji nafasi ya kusita.

Kosa la pili ni "enye". Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linalowamaliza vijana wa Nakuru na Kisumu kuliko lolote. "-enye" inaonyesha kuwa na kitu. Gari lenye breki mbovu. Mama mwenye duka. Chumba chenye madirisha mawili. Angalia kinachofuata "-enye" katika mifano hiyo yote: breki, duka, madirisha. Ni nomino. Kinaweza pia kuwa kitenzi-jina, kama "mwenye kusubiri". Lakini ukiona baada ya "-enye" kuna kitenzi chenye wakati, kama "enye ilianguka", "mwenye alikuja", "zenye zimechafuka", hapo kuna kosa, huhitaji kufikiri zaidi. Dawa yake ni kirejeshi, kile kiungo kama -lo- au -ye- kinachorejelea nomino: lililoanguka, aliyekuja, ambazo zimechafuka.

Mbona huo wa mwisho nimeutumia "ambazo"? Kwa sababu kirejeshi kinachokaa ndani ya kitenzi kina marafiki wachache. Kinakubali -li-, -na-, -taka- na -si-: aliyekuja, anayekuja, atakayekuja, asiyekuja. Hakikubali -me-. Hakuna "zimezochafuka". Ukikutana na -me-, kimbilia amba-: nguo ambazo zimechafuka. Au ugeuze wakati uwe -li- kama maana inaruhusu: nguo zilizochafuka. Na kumbuka ni "atakayekuja", lile -ka- lisianguke. "Atayekuja" utaisikia kila siku na kila siku ni kosa la mtihani.

Kosa la tatu, "watu kumi na mbili". Nambari moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na nomino hata zikitanguliwa na kumi: watu kumi na wawili, viti kumi na kimoja, miti ishirini na mitatu. Sita, saba, tisa na kumi zenyewe hazibadiliki. Kuna wanaoogopa kukosea hadi wakaandika "vitabu visita". Hofu nayo ina makosa yake.

Kosa la nne, "ambao wanaoenda". Hapo kirejeshi kimewekwa mara mbili, kwenye amba- na ndani ya kitenzi. Chagua kimoja: "ambao wanaenda" au "wanaoenda". Lakini hata hapo bado hujamaliza. Gari lilianguka, wakati umepita, na hao watu hawaendi tena sasa. Kwa hiyo: waliokuwa wakienda. Sentensi kamili ni hii:

Gari hili lililoanguka Ahero lilikuwa limebeba watu kumi na wawili waliokuwa wakienda Kisumu.

Ona kwamba sikuongeza habari wala kubadilisha maana. Watahiniwa wengine wakiona sentensi ina matatizo huitupa yote wakaandika nyingine nzuri zaidi. Swali lilisema sahihisha. Ukiandika "Watu kumi na wawili walipata ajali Ahero", Kiswahili chako kitakuwa safi na alama zako zitakuwa zimekwenda.

Hayo yalikuwa ya sentensi moja. Yapo mengine ambayo sikio la kwetu huyapitisha, na ningependa uyaandike kwenye daftari lako kwa mkono wako mwenyewe.

"Mingi" ni la kwanza. Huku kwetu pesa ni mingi, watu ni mingi, siku ni mingi, maji ni mingi. Wenye haki ya "mingi" ni wingi wa U-I peke yake: miti mingi, mito mingi, mikoba mingi. Wengine wote wana lao: watu wengi, pesa nyingi, maji mengi, vitu vingi, siku nyingi, matatizo mengi. Ndugu yake ni "ingine" iliyoachwa uchi: "kitu ingine", "siku ingine". Mtihanini ni kitu kingine, siku nyingine, mtu mwingine, gari jingine au lingine, mahali pengine.

"Ako" ni la pili. "Mwalimu ako darasani." Sanifu ni "yuko", au "yumo" ukitaka kusisitiza kwamba yu ndani. Na "ako na pesa" ni "ana pesa". Ukiona "ako" katika swali la kusahihisha, wala usiendelee kutafuta, umelipata mojawapo.

Kisha "yoyote". "Mtu yoyote" ni kosa, sema mtu yeyote. Kitu chochote, jambo lolote, mahali popote, wakati wowote, nguo yoyote. Hapo nguo ndiyo yenye haki na "yoyote", kwa kuwa ni I-ZI.

Na "kila". Neno hili huja kabla ya nomino na hutaka umoja. "Kila wanafunzi walipewa" haiwezekani. Ni kila mwanafunzi alipewa.

Upande wa vitenzi, hali ya masharti inawasumbua wengi bila sababu. Ukianza na -nge- maliza na -nge-. Ukianza na -ngali- maliza na -ngali-. "Ungalikuja mapema ungenikuta" imechanganya. Ukiambiwa kanusha "Ungekuja mapema ungenikuta", kanusha pande zote mbili: Usingekuja mapema usingenikuta. Upande mmoja ukibaki ulivyokuwa, umekanusha nusu.

Kukanusha kwenyewe kuna mitego zaidi ya huo. -me- hugeuka -ja-, na -li- hugeuka -ku-: amefika, hajafika, alifika, hakufika. Hilo unalijua. Je, "amekula"? Wengi wataandika "hajakula", kwa kuwa ndivyo mama anavyouliza jioni: hujakula? Sanifu ni hajala, hajanywa, hajafa. Lile ku- linaloshikilia vitenzi vifupi halihitajiki baada ya -ja-. Na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu visivyoishia kwa -a havichukui -i mwishoni: anafikiri, hafikiri, anasahau, hasahau. "Hasahaui" nimeisoma kwenye karatasi za wanafunzi wazuri kabisa, waliokariri kanuni bila kukariri mipaka yake.

Mtego mkubwa katika kukanusha uko kwenye sentensi zenye kirejeshi. Chukua hii: "Mvuvi aliyeamka mapema amepata samaki." Ukikanusha kwa -si- utapata "mvuvi asiyeamka mapema", na -li- imemezwa. Huwezi tena kujua ni jana, leo au kila siku. Ukitaka wakati ubaki wazi, tumia amba-: Mvuvi ambaye hakuamka mapema hajapata samaki. Mimi hupenda njia hii kwa sababu haimpi msahihishaji swali lolote.

Usemi wa taarifa, yaani kuripoti maneno ya mtu mwingine, nitaupitia haraka, maana ni kazi ya mkono kuliko ya akili. Alama za mtajo zinaondoka, "kwamba" inaingia, nafsi inabadilika, -ta- inakuwa -nge-, na maneno ya wakati na mahali yanasogea mbali: leo ni siku hiyo, kesho ni siku iliyofuata, hapa ni hapo au pale. "Nitakuja hapa kesho," Otieno alisema. Otieno alisema kwamba angeenda pale siku iliyofuata. Umeona "kuja" imekuwa "kwenda"? Hilo watu husahau.

Unyambuaji, yaani kuunda kitenzi kutokana na kingine, nao una kanuni moja inayookoa alama nyingi. Mzizi wenye a, i au u huchukua i: pika, pikia, andika, andikia, funga, fungia. Mzizi wenye e au o huchukua e: soma, somea, cheka, chekea. Kwa hiyo "somia" haiwezi kuwepo. Vitenzi vifupi vikariri kimoja kimoja, hakuna njia ya mkato: -la hutoa lia, liwa, lisha, -nywa hutoa nywea na nywesha, -fa hutoa fia na fisha.

Ukubwa na udogo una mtego wa aina ileile ya gari lako. Ukibadilisha nomino, umebadilisha ngeli, na maneno yote yanayoitegemea lazima yahame nayo. "Mtu huyu mnene ameingia nyumba hii" katika ukubwa ni "Jitu hili nene limeingia jumba hili". Nimewaona wanaoandika "jitu huyu ameingia". Nomino imehama, wategemezi wake wameachwa nyuma. Na wingi ni hivyohivyo. "Ukuta ulibomoka ukamwangukia mbuzi" ni "Kuta zilibomoka zikawaangukia mbuzi". Mbuzi hakubadilika hata herufi moja, lakini -m- ndani ya kitenzi lazima iwe -wa-. Swali kama hilo humnasa anayetazama nomino pekee.

Sasa maagizo. Kabla ya kugusa sentensi, soma agizo na ulipigie mstari. Ukiambiwa "andika upya ukitumia o-rejeshi" (kile kirejeshi cha ndani ya kitenzi) nawe ukaandika kwa amba-, jibu lako linaweza kuwa Kiswahili kitukufu na bado likakosa alama, kwa kuwa hukufanya ulichoombwa. "Kanusha" haimaanishi andika kinyume cha maneno. Aliyeambiwa kanusha "Mtoto amelala" akaandika "Mtoto ameamka" amejibu swali lingine. Ukiombwa kukanusha bila kubadilisha wakati, hakikisha hujahama kutoka -me- ukaangukia -li-, maana "hajalala" na "hakulala" si kitu kimoja.

Kuna jambo moja la kusema kwa upole. Si kila kinachohesabiwa kuwa kosa darasani ni kosa kwa Waswahili wenyewe. Ukienda Pwani utasikia "mbuzi zangu" na "ng'ombe zangu" kutoka kwa wazee ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza, na hakuna atakayecheka. Darasani utafundishwa "ng'ombe wangu". Na vilevile husemwa "rafiki yangu" na "ndugu yangu" ingawa rafiki ni A-WA, na hilo darasani linakubalika. Mimi binafsi nadhani walimu tungefanya vyema kuwaeleza wanafunzi hivyo wazi badala ya kujifanya lugha ni sanduku lililofungwa. Lakini wewe una mtihani mbele yako. Andika umbo lililo salama, mjadala huo tutaufanya ukishapata cheti.

Kuhusu mazoezi: karatasi za mitihani iliyopita zinasaidia, lakini wengi wanazitumia vibaya. Wanafanya, wanatazama majibu, wanasema "aa, nililijua hilo", wanafungua nyingine. Wewe kila ukikosea andika sentensi mbovu upande mmoja wa daftari na sahihi upande wa pili, kisha chini yake andika jina la kosa: ngeli, kirejeshi mara mbili, -enye na kitenzi, nambari. Baada ya muda utagundua kwamba makosa yako si mengi. Ni machache yanayojirudia kwa nguo tofauti, na hayo ndiyo unayoyatafuta kwanza ukiingia chumba cha mtihani.

Na kwa kuwa mchana uko sokoni, soko lenyewe ni zoezi. Mteja akisema "Hii suruali enye iko na mfuko mbili ni pesa ngapi?", mjibu bei yake kwa Kiswahili chake, usimsahihishe akakukimbia. Lakini kichwani mwako igeuze: Suruali hii yenye mifuko miwili ni pesa ngapi? Hapo "hii" ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwani suruali ni I-ZI, "yenye" inafuatwa na nomino, na mifuko ni U-I. Jioni soma habari moja ya Taifa Leo kwa sauti, taratibu, ukifuata nomino na wategemezi wake. Lengo lako hapo ni kulizoeza sikio namna nyingine ya kusikia, hata kama habari yenyewe haikupendezi.

Ukiandika majibu, angalia tahajia pia. Waliotoka kwenye Dholuo wachunge sh na z zisigeuke s: shule isiwe "sule", zangu isiwe "sangu". Waliotoka kwenye Kiluhya wachunge b na p, d na t, g na k. Na sisi sote tuache kuandika "hio" na "uyo". Ni hiyo na huyo.

Jaribu hizi nne kabla hujasoma majibu. Kwanza: Kila mwanafunzi walipewa vitabu mbili. Pili: Mwalimu ako na funguo mingi zenye zimeshika kutu. Tatu: Ungalifika mapema ungepata kiti mzuri. Nne: Mahali hii ni nzuri kuliko ile.

Majibu: Kila mwanafunzi alipewa vitabu viwili. Mwalimu ana funguo nyingi ambazo zimeshika kutu (au zilizoshika kutu). Ungefika mapema ungepata kiti kizuri, au Ungalifika mapema ungalipata kiti kizuri. Mahali hapa ni pazuri kuliko pale. Kama ya pili imekupa taabu, rudi kwenye sehemu ya -enye. Kama ni ya nne, fungua ngeli ya mahali, maana "mahali" haina uhusiano wowote na I-ZI ingawa sokoni tunaitendea hivyo.

Swali lako la pili, nianze wapi. Karatasi ya Pili ina alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu 15, muhtasari 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii (matumizi ya lugha katika jamii) 10. Ukigawa muda kwa alama, matumizi ya lugha inastahili kama dakika 75, ufahamu na muhtasari kama 55 kwa pamoja, isimujamii zinazobaki. Majibu huandikwa kwenye nafasi zilizoachwa katika kijitabu chenyewe cha maswali, kwa hiyo hakuna atakayejua ulianzia wapi, na ukiruka sehemu nafasi yake inakungoja palepale. Kama sarufi ndiyo inayokutia hofu, usianze nayo. Anza na ufahamu. Kifungu kile kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na ukikisoma kwa makini dakika za kwanza kitakusogezea masikio kutoka Kibuye hadi kwenye lugha ya mtihani kabla hujakutana na sentensi mbovu. Kisha ingia matumizi ya lugha ungali na nguvu, muhtasari na isimujamii zifuate. Maswali ya kusahihisha ukiyajibu, rudi uyasome jibu kwa jibu ukifuata nomino na kitenzi chake. Tenga dakika kumi za mwisho kwa hilo peke yake, ukizitoa kwenye zile 75 za matumizi ya lugha, na ukibadilisha jibu, kata la zamani kwa mstari mmoja ulionyooka ili jipya lisomeke.